Chanda Chema Huvikwa Pete: Watoto Wadogo na Kazi za Hiari

Siku ya kupanda miti katika shule ya msingi huwa na shughuli nyingi. Mgeni wa heshima hufika, walimu huwa wamevaa nguo za kupendeza, na watoto wa madarasa ya chini hupangwa mstari tangu asubuhi, jua likawapiga mpaka hotuba ziishe. Mashimo yalikwisha kuchimbwa jana yake, na waliochimba hawatajwi. Mgeni hushika mche, picha hupigwa, makofi hulia, kisha watu hurudi makwao. Wiki chache baadaye mvua hukatika. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza, maana mche haunyweshwi makofi. Mtoto wa miaka 7 hubeba kopo lake la maji kila asubuhi kabla ya kengele, akaumwagilia mche ule, akauzungushia miiba ili mbuzi wasiule. Mche ukifa, yeye ndiye huulizwa kwa nini hakuutunza. Ukistawi, huitwa mti wa mgeni.

Wazazi wengi, na hata viongozi wa vyama vya watoto, hawaoni kosa katika jambo hilo. Husema kwamba mtoto ni mtoto, na akue kwanza ndipo ahesabiwe. Lakini mtoto huona, tena hukumbuka. Wahenga waliposema kwamba chanda chema huvikwa pete, hawakusema kwamba lazima chanda hicho kiwe cha mtu mzima. Swali lililo gumu ni la namna ya pete yenyewe: mtoto mdogo aliyefanya kazi ya hiari apewe nini, na nani, na lini, ili moyo wake wa kusaidia uzidi na usiharibike? Maana waweza kuharibika kwa kusahauliwa, na waweza pia kuharibika kwa kupewa zawadi vibaya.

Hapa Kenya swali hili lawahusu watu wengi. Chama cha Maskauti kina ngazi yake ya watoto wadogo kabisa, nayo huitwa Sungura. Baada yake hufuata Chipukizi, kisha Mwamba, kisha Jasiri. Wasichana wana chama chao cha Girl Guides, nacho pia hupokea watoto wadogo. Shuleni kuna vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake ni kifupi cha maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilabu hivyo vilianza katika miaka ya 1960 kwa mfano wa vilabu vya 4-H vya Marekani, vikafifia kwa muda mrefu, na mwaka 2021 serikali ikavifufua. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ilitangaza nia ya kuotesha miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa siku ya mapumziko ili watu wote wapande miti. Nani atakayeitilia maji miti iliyopandwa shuleni, kama si watoto?

FUNDO LA SKAFU

Aliyeanzisha Uskauti, Robert Baden-Powell, alikuwa na mawazo mawili juu ya jambo hili, na kwa mtazamo wa kwanza mawazo hayo hupingana. Mwaka 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha mafundisho yake. Ndani yake mliagizwa kwamba kila skauti atende tendo moja jema kila siku, na kwamba asipokee malipo yoyote kwa kuwa amemsaidia mtu. Ili asisahau, afunge fundo katika skafu yake asubuhi, na asilifungue mpaka ametenda tendo lake. Alama ya fundo hilo ilitiwa katika beji yenyewe ya maskauti.

Hilo ni wazo la kwanza: wema haulipwi. La pili ni kwamba mtu huyo huyo aliyekataza malipo alijaza mikono ya watoto kwa beji na nyota. Mwaka 1916 alianzisha kundi la wavulana wadogo, kwa sababu ndugu wadogo wa maskauti walikuwa wakiwafuata kaka zao na kulilia kuingia. Aliwaita Watoto wa Mbwa Mwitu, akichukua mfano kutoka katika hadithi za Kipling za mtoto aliyelelewa porini. Mtoto wa mbwa mwitu huzaliwa macho yamefumba. Basi mvulana alipojifunza mambo fulani madogo, kama kufunga mafundo, kusoma saa, kupiga kichwangomba na kuweka kucha zake safi, alipewa nyota moja ya kushona katika kofia, yaani jicho moja limefumbuka. Alipojifunza zaidi alipata nyota ya pili, na macho yote mawili yakawa wazi.

Je, mawazo hayo hupingana kweli? Mtu akitazama vizuri ataona kwamba hayapingani. Nyota haikuwa malipo ya tendo jema. Ilikuwa habari: ilimwambia mtoto mwenyewe na watu wote kwamba sasa anajua jambo ambalo jana hakulijua. Tendo jema la kila siku halikupewa nyota hata moja. Lilibaki katika fundo la skafu, ambalo mwenyewe hulifungua kimya kimya. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, lakini viongozi wengi wa siku hizi wameisahau, wakagawa beji kwa kila jambo kama mtu agawaye peremende.

Kwa wasichana wadogo kulitumika hadithi nyingine, nayo yapendeza. Kundi lao lilianza mwaka 1914 likiitwa Rosebuds, yaani vitumba vya waridi, lakini wasichana wenyewe hawakulipenda jina hilo, na mwaka uliofuata likabadilishwa kuwa Brownies. Brownies ni viumbe wadogo katika hadithi ya Bibi Juliana Ewing wa Uingereza. Katika hadithi hiyo watoto wawili wavivu wasikia kwamba zamani kulikuwa na viumbe walioingia nyumbani alfajiri, wakafagia, wakawasha moto, wakaondoka kabla ya watu kuamka. Mmoja wao aenda kuwatafuta viumbe hao, na mwishowe atambua kwamba ni wao wenyewe wanaoweza kuwa viumbe hao. Wakaanza kufanya kazi kwa siri, baba yao akistaajabu. Kila mzazi aliyekuta siku moja mtungi umejaa maji pasipo kumtuma mtu aijua furaha ya baba yule. Na kila mtoto aliyejaza mtungi huo aijua furaha ya kungoja mpaka igunduliwe. Lakini ni lazima igunduliwe. Mtoto aliyejaza mtungi kwa siri siku kumi, na siku zote kumi asisikie neno, siku ya kumi na moja atalala.

Baden-Powell alimalizia maisha yake hapa hapa. Alihamia Nyeri mwaka 1938, akakaa katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu, akafa tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa katika mji huo. Juu ya kaburi lake mna alama ya duara yenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti ni alama ya njiani yenye maana ya kwamba, "Nimekwenda nyumbani." Maskauti wa nchi nyingi huja kulizuru.

ZAWADI INAYOHARIBU

Yale ambayo wazee hao waliyajua kwa kukaa na watoto, wataalamu waliyapima baadaye. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa habari za jaribio walilolifanya katika shule ya watoto wachanga ya Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwachagua watoto waliopenda sana kuchora picha kwa rangi. Baadhi yao waliambiwa mapema kwamba wakichora watapewa hati nzuri yenye nyota ya dhahabu na utepe. Wengine walichora bila ya kuambiwa kitu, kisha wakapewa hati ile ile kwa ghafula. Wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye rangi zikawekwa tena mezani, kila mtoto acheze apendavyo. Wale walioahidiwa hati walichora karibu nusu tu ya muda waliochora wenzao. Wale waliopewa kwa ghafula hawakupungukiwa na hamu hata kidogo.

Msomaji na aitazame sana habari hiyo, maana hati ilikuwa moja. Kilichoharibu ni ahadi. Mtoto aliyeahidiwa alijifunza kwamba kuchora ni kazi ya kupatia hati, na pasipo hati hakuna haja ya kuchora.

Jaribio jingine lahusu kusaidia hasa. Mwaka 2008 Warneken na Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, waliwajaribu watoto wa umri wa miezi 20, ambao hata kusema vizuri hawajui. Mtu mzima aliangusha kitu na kujifanya hawezi kukifikia, watoto walimwokotea. Wengine walipewa kitu cha kuchezea kwa kila msaada, wengine walishukuriwa kwa maneno, wengine hawakupewa neno wala kitu. Baadaye, zawadi zilipokoma, wale waliokuwa wakipewa kitu walipunguza kusaidia. Wale walioshukuriwa kwa maneno waliendelea kama wale wasiopewa chochote. Kwa hiyo shukrani haikuwadhuru. Kilichodhuru ni kitu cha mkononi. Mzazi ampaye mtoto shilingi kumi kila achotapo maji hudhani anamtia moyo. Afadhali amwambie ahsante, tena amwambie maji yale yamefanya nini.

Hata maneno yenyewe yana uzito wake. Mwaka 2014 wataalamu wengine wa Marekani walionyesha kwamba watoto wa miaka 3 hadi 6 walioambiwa juu ya kuwa "msaidizi" walisaidia zaidi kuliko walioambiwa juu ya "kusaidia". Mtoto hupenda kuwa mtu fulani. Lakini mwaka 2018 uchunguzi mwingine ulionyesha upande wa pili: aliyeitwa msaidizi, kisha akashindwa kazi, alivunjika moyo kuliko yule aliyeambiwa tu asaidie. Jina ni zuri siku ya kufaulu. Siku mtoto anapomwaga uji wa mgonjwa, yafaa asifiwe kwa alivyojaribu, jina likae kando.

WAMAREKANI NA NJIA ZAO MBILI

Vilabu vya 4-H, ambavyo ndivyo mfano wa 4-K, viliona kwamba watoto wadogo si watu wazima wafupi. Wakubwa katika vilabu hivyo hushindana kwa ng'ombe, kwa mahindi, kwa ushonaji, na mshindi hupewa utepe wa rangi ya cheo chake. Lakini watoto wa miaka 5 hadi 7, ambao huitwa Cloverbuds, hawaruhusiwi kushindanishwa. Kila mmoja aletaye kazi yake hupewa utepe sawa na mwenziwe, na mkaguzi hukaa naye na kumwuliza ameifanyaje. Watu wengine hucheka na kusema utepe wa kila mtu si utepe. Huenda wana haki kwa mtoto wa miaka 12. Lakini wa miaka 6 bado hajui kupima kazi yake na ya mwenziwe. Akishindwa, haelewi kwamba kazi yake ilipungua, huelewa kwamba yeye mwenyewe hafai. Na katika utaratibu huo lililo bora kuliko utepe ni yale mazungumzo. Mtu mzima ameacha shughuli zake, ameinama, ameuliza.

Njia ya pili ya Wamarekani ni ya kuhesabu saa. Nishani ya Rais kwa watu wa kujitolea iliwekwa mwaka 2003, na kwa miaka kadhaa mtoto wa miaka 5 hadi 10 aliweza kuipata ya shaba kwa kazi ya saa 26 katika mwaka mmoja, ya fedha kwa saa 50, na ya dhahabu kwa saa 75. Kwa kijana njia hiyo yaweza kufaa. Kwa mtoto mdogo ina hitilafu: saa za mtoto huandikwa na mzazi, na mzazi mwenye nafasi na gari huandika saa nyingi kuliko mama anayekwenda shambani alfajiri. Mwishowe hupewa nishani bidii ya mzazi. Tena mtoto wa miaka 6 hajui saa 26 ni nini. Ajuacho ni kwamba mche wake una majani matano mapya.

KAZI IPI NI YA HIARI?

Hapa Kenya liko jambo moja ambalo haliwasumbui sana watu wa Stanford. Watoto wetu hufanya kazi tangu zamani. Huchunga mbuzi, huokota kuni, hubeba watoto wachanga, hupalilia. Kazi hizo ni wajibu wa nyumbani, na mtoto astahili kushukuriwa kwa ajili yake, ingawa si kazi za hiari. Nayo kazi ya kumwumiza mtoto au ya kumtumia kwa faida ya mtu mwingine ni jambo jingine kabisa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, humlinda mtoto na kazi ya namna hiyo. Kiongozi wa kundi akiwapeleka Sungura kupalilia shamba lake mwenyewe, kisha akawapa beji ya kujitolea, beji hiyo ni uongo uliofumwa kwa uzi. Kipimo ni rahisi: je, mtoto angeweza kukataa bila ya kuadhibiwa? Kama hangeweza, na isiitwe hiari.

Lingine ni la wasichana. Mvulana akishika ufagio mara moja katika kituo cha afya, watu husimama kumtazama, naye hutajwa siku ya gwaride. Msichana aliyefagia hapo kila Jumamosi hatajwi, kwa kuwa watu hufikiri kwamba kufagia ni tabia yake. Hali kadhalika mtoto mwenye haya, na yule anayekosa mikutano kwa kuwa ni zamu yake ya kuchunga, na yule ambaye wazazi wake hawana fedha za kununua sare. Kiongozi asipoandika, atawakumbuka wale tu wanaopaza sauti.

Kwa hiyo kabla ya beji, daftari. Daftari la kawaida la shule latosha, kila mtoto ukurasa wake, na juu yake jina lake kamili lililoandikwa sawasawa, maana mtoto akiona jina lake limekosewa huhesabu kwamba si yeye. Kila wiki huandikwa mstari mmoja: tarehe, kazi aliyoifanya, na nani aliyefaidika. "Alimwagilia mche wa tatu kutoka langoni." "Alimsomea bibi kipofu barua." Saa zisiandikwe. Mwisho wa mwezi kiongozi huketi na watoto chini ya mti, akasoma mistari hiyo kwa sauti. Jambo hilo halina gharama, wala halikuahidiwa kama mshahara, na watoto hulingoja kuliko soda. Mtoto asiyependa kutajwa mbele ya watu asomewe wake peke yake.

Yule aliyefaidika akipatikana, yeye ndiye afaaye kushukuru kuliko mgeni yeyote. Neno moja la bibi yule kipofu hupita hotuba. Na kama kundi lina beji, itolewe kwa ujuzi uliothibitika, kama walivyofanya zamani kwa nyota za kofia: ajua kuotesha mbegu, ajua kufunga kidonda, ajua njia ya kwenda zahanati. Fedha za beji zitoke katika mfuko wa kundi, zisitoke kwa mzazi mmoja mmoja. Picha za watoto zisipigwe ovyo na kupelekwa kila mahali kwa simu; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hutaka mzazi au mlezi akubali kwanza kabla ya habari za mtoto kutumiwa.

Kuhusu miti, shule ingefanya vema kuwa na siku mbili. Ya kupanda ibaki na mgeni wake na makofi yake, hakuna ubaya. Ya pili iwe mwisho wa kiangazi, wakati vumbi limejaa na hakuna mgeni anayetaka kuja. Siku hiyo watoto huzunguka miche iliyobaki hai, na kila mmoja husimama karibu na wake akaeleza alivyoutunza. Ambaye mche wake umekauka naye husimama, akaeleza yaliyotokea, kama ni mbuzi au mchwa, na hupewa mche mwingine. Kibao kidogo cha ubao huchomekwa chini ya kila mti, chenye jina la aina ya mti, mwaka, na jina la mtoto aliyeutilia maji. Jina la mgeni laweza kuandikwa chini yake, kwa herufi ndogo kidogo. Mtoto akihama shule, kibao hubaki, na ukurasa wake wa daftari hunakiliwa na kupewa mama yake auchukue pamoja na ripoti ya masomo.